Wino Mweusi wa Kofia Nyeupe

Hitima ilipokwisha, wanaume wakiwa barazani wanatafuta viatu vyao na kuagana, Mwajuma alinishika kiganja akaniambia, "Sau, twende chumbani kwa mama. Peke yangu siingii." Nikamfuata. Nilikuwa nimetoka Muheza asubuhi kwa ajili ya arobaini ya Bi Zuhura, mama yake, na tangu nifike nilikuwa jikoni nakuna nazi na kucheka na watu, maana mimi nikiwa na huzuni hucheka sana, ndivyo nilivyoumbwa. Chumbani sikucheka. Chumba kilikuwa kile kile cha barabara ya kumi na tatu, Ngamiani, na dirisha lake moja la kutazama uani, kitanda kikubwa cha mbao, na harufu ya karafuu na mafuta ya nazi ambayo nilidhani ingeondoka na mwenyewe. Mwajuma akafungua kabati akaanza kukunja khanga. Mimi nikasogea dirishani, na nyuma ya kopo la vifungo nikakuta kichupa cha wino. Ndani mlikuwa na ganda jeusi tu, limepasukapasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. "Umeona nini huko?" akauliza Mwajuma bila kugeuka. "Wino," nikasema. "Ule wa kofia." Akaacha kukunja, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa njiani, kisha akaendelea. Nikakaa kitandani na kichupa changu mkononi. Sikujua nakitazama kwa mapenzi au kwa woga. Mwaka ule wote ulikuwa hivyo, na leo ninapouandika, nikiwa nyuma ya meza yangu ya kushonea sare za shule, bado sijaupanga vizuri kichwani.

Habari za kwetu nitaziacha, ni ndefu na hazina chumvi. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuja ya kuchekesha, na mimi nikacheka kweli, nikaenda Tanga mjini kwa Bi Zuhura kujifunza kushona kofia za mkono. Wiki hii nilitaka kuwa mtangazaji wa redio, wiki ijayo nifungue hoteli Horohoro niwauzie chai wanaovuka mpaka. Kushona kofia ilikuwa kazi ya kungojea. Nyumba ilikuwa ya Bi Zuhura mwenyewe, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Mimi na Mwajuma, bintiye, tulilala chumba kimoja. Chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, alipanga Mzee Gaspari, Mshambaa aliyekuwa karani wa shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Jumapili alivaa koti akaenda kanisani, Jumatatu alichemsha makande ya kumtosha siku kadhaa, na kila jioni alijaza wino kalamu yake, ile ya kunyonya, akaandika barua kwa watoto wake. Watoto hawakujibu, kwa sababu walikuwa wakimpigia simu. "Naandika nisisahau mwandiko," alisema. Bi Zuhura alimtania kwamba ana mchumba Lushoto. "Ningekuwa na mchumba, mama, ningekuwa nakula haya makande?"

Mwajuma alikuwa amechumbiwa na Hamza, kijana wa Mwera, kule Pangani, mfanyabiashara wa nazi, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo sisi tuliyasema sana mwenyewe akiwa hayupo. Harusi ilipangwa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha tu. Kwa Bi Zuhura kulikuwa na desturi aliyoikuta kwa mama yake na mama yake aliikuta kwa wa kwake: kofia anayovaa bwana harusi siku ya nikaha hushonwa na mama wa bibi harusi, kwa mkono wake, na nakshi yake hairudiwi kwa mtu mwingine. Kwanza nakshi huchorwa juu ya bafta nyeupe, maua na vitobo na mistari ya kuzunguka. Kisha hushonwa uzi juu ya mchoro, kitobo kwa kitobo, kazi ya miezi. Mwisho hufuliwa, mchoro ukaondoka na maji, ikabaki kazi ya sindano peke yake kama vile ilijiota yenyewe. Bi Zuhura alikuwa akichora kwa penseli iliyochongwa mpaka inachoma. Mwaka ule akaniambia nimchoree mimi, yeye anitajie. Nikaona nimepandishwa cheo.

Siku moja tulikuwa dirishani baada ya kula bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, Mwajuma yuko sokoni. Bi Zuhura alishika kitambaa nilichokichora akakigeuza, akakigeuza tena, akasema, "Penseli umeifanyia ubahili gani? Chora ionekane!" Nikamwambia nimechora. "Umechora wapi?" Alikuwa ameshika upande mweupe. Nikamgeuzia. Akakisogeza usoni mpaka pua ikagusa bafta, na sindano ikaingia mbali na mstari, mbali kabisa, pale ambapo hata mtoto wa chuoni asingeiingiza. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Bi Zuhura, huoni?" Nikasikia Mzee Gaspari anakohoa uani. Kisha akasema, "Funga mlango."

Aliniambia pale, mikono imelala juu ya kitambaa. Presha ya macho. Daktari amemwambia kilichokwenda kimekwenda, dawa ni ya kuchelewesha kilichobaki. Pembeni hakuna kitu, katikati kuna ukungu, na ndani ya ukungu kitu cheusi sana juu ya cheupe sana, mbele ya jua, bado anakiona. "Mwajuma hajui na hatajua mpaka awe kwake," alisema. Nikauliza kwa nini, maana mimi kwetu mtu akiumwa hata kidole huambiwa mtaa mzima. "Kwa sababu hatakwenda! Mchumba wake wa kwanza alimkataa yeye mwenyewe, akakaa kuuguza mguu wangu. Mguu ukapona, na yule kijana akaoa kwingine, ana watoto sasa. Huyu akisikia macho, atakaa hapa anishike mkono mpaka nife, na mimi nikifa yeye atakuwa na nani?" Kisha akanipa sharti. Kofia lazima aishone mwenyewe, maana asiposhona kofia ya mkwe wake Mwajuma atauliza kuna nini. Na ili aishone lazima auone mchoro. "Nitafutie weusi ninaouona, Sau. Lakini ukifuliwa utoke."

Nilidhani ni jambo la kwenda dukani na kurudi. Peni ya kawaida haikufaa, ina mafuta, ukishachora bafta ndiyo mmeoana. Kalamu za kuandikia maboksi zilitambaa kitambaani kama mchuzi. Nikamwendea Mzee Gaspari, nikampa shikamoo ya heshima mno mpaka akashtuka. "Marahaba, binti. Unataka nini?" Nikasema nataka kalamu yake ya wino, ya kuchorea nakshi, ina ncha nyembamba na haikwaruzi. Akaitazama kalamu, akanitazama mimi. "Sikupi. Nakuazima, na nitakuwa naiulizia." Ilikuwa na wino wa bluu. Nikachora ua moja, nikampelekea Bi Zuhura mbio. Akalishikilia dirishani. "Hapa pana kitu?" "Pana ua, Bi Zuhura." "Bluu kwangu ni maji tu. Nimekwambia mweusi."

Hapo ndipo nilipoingia katika ulimwengu wa wino mweusi, na sijui kama nimetoka. Katika duka la vifaa vya shule kule madukani nilimwomba muuzaji wino mweusi mzuri. Akaniuliza, "Mzuri wa namna gani?" Nikasema mweusi. Akasema wote ni mweusi. Akaweka vichupa juu ya kaunta, nikavitazama kwenye mwanga, vyote vikanitazama vilevile. Mmoja, alisema, haufutiki hata karatasi ikilowa, maofisi wanaupenda. Mwingine ni wa wanafunzi, ukimwagikia shati mama hagombi. Nikauliza upi ni mweusi zaidi. "Kwenye kichupa?" akasema. Nikaazima simu ya Mwajuma, nikasema nataka kusikiliza taarabu, nikakaa chooni kusoma. Huko mtandaoni nikakuta watu wa nchi za mbali wanabishana juu ya wino mweusi kama watu wanaogombania mirathi. Mmoja anasema huu ni mweusi una wekundu ndani, mwingine anamwambia macho yake mabovu, wa tatu ana mweusi wake wa kijanikijani. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne na matokeo yangu mnayajua. Nilichofahamu ni kimoja: kila mtu ana mweusi wake, na kila mweusi una kasoro ambayo mwenye nao haioni. Nilitoka chooni nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, na Mwajuma akasema, "Taarabu gani hiyo, haina hata sauti?"

Nikanunua ule wa wanafunzi. Bi Zuhura akaweza kuuona, kidogo, saa ile ile ukiwa mbichi. Ulipokauka kwenye bafta ukawa rangi ya jivu na yeye akaupoteza. Nilipoufua ulitoka kweli, lakini kabla ya kutoka ulifanya jambo ambalo sijapata kulisahau. Tone la maji lilipogusa ule weusi, weusi ukafunguka, ukatoka zambarau, ukatoka bluu, na pembeni kabisa ukawa duara la waridi, kama vile ndani ya weusi kulikuwa na harusi na mimi nimefungua mlango. Nikaita, "Bi Zuhura, njoo uone!" Kisha nikajiuma ulimi. Yeye akasema, "Niambie." Nikamwambia rangi moja moja, nikiwa nimechutama kwenye beseni, naye amesimama juu yangu ameshika kamba ya nguo.

Kamba hiyo ya uani ilijaa viraka vya majaribio, vyeupe vyenye mistari, mpaka Mwajuma akauliza. "Mama, mnafua vitambaa gani kila siku?" Bi Zuhura akajibu bila kupepesa, "Namfundisha Sau kufua." "Sau hajui kufua?" "Hajui." Mwajuma akaniangalia. Mimi ambaye nimefua tangu sijafika kimo cha beseni, nikainamisha kichwa nikasema, "Nasugua vibaya." Kwa muda wa wiki nzima akawa ananielekeza, polepole, kwa huruma, namna ya kukamua shuka.

Wazo la wino wa chuo lilikuwa la Bi Zuhura, na nililipokea kwa vigelegele. Utotoni alisoma chuo cha Kurani, kwa mwalimu aliyewafanya waandike kwenye ubao kwa kalamu ya utete, na wino waliutengeneza wenyewe kwa masizi ya kibatari na gundi ya mti. "Mweusi ule hujapata kuuona. Na ukishahifadhi aya yako, unachukua kitambaa cha maji unapitisha mara moja, ubao mweupe kama haujaguswa!" Mweusi kabisa, na unatoka kabisa. Nikajiuliza tumekuwa tukihangaika na nini. Tukawasha kibatari mchana, tukakifunika kwa sahani, tukakwangua masizi, tukayapika na gundi, tukachuja kwa upande wa khanga. Nikaujaza kwenye kalamu ya Mzee Gaspari mpaka pomoni. Mstari wa kwanza ulitoka mweusi wa kutisha. Bi Zuhura aliufuata kwa kidole, akaufuata mpaka mwisho bila kukosea, na uso wake ulibadilika, nikaona alivyokuwa alipokuwa mdogo. "Huu," alisema. "Huu ndio." Mstari wa pili kalamu ikakohoa. Wa tatu haukuja. Nikatikisa, nikapuliza, nikaomba dua. Na kile kiraka chenye mstari wa kwanza, nilipokitia kwenye maji, hakikutoka kitu. Nikasugua kwa sabuni, masizi yakazidi kuzama ndani ya nyuzi. Ubao unapakwa chokaa na una uso mgumu, wino unakaa juu yake kama mgeni barazani. Bafta inaukaribisha mpaka ndani. Wote wawili tulishajua kwamba masizi hayatoki kwenye nguo, nani asiyejua, kila siku tunafua nguo za jikoni, lakini lilipokuja jina la wino wa chuo tulilisahau.

Kumpelekea Mzee Gaspari kalamu yake ilikuwa kama kupeleka maiti ya mtoto. Alikuwa akila. Akaweka kijiko chini, akaifungua, akatazama ndani. "Mmemlisha nini huyu?" Nikamwambia. Akafunga macho. "Gundi. Binti, mmemlisha gundi." Akawa anailaza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, anayabadilisha asubuhi na jioni, anaukanda ule mpira wake kama mkunga, na mimi kila nikipita nauliza hali ya mgonjwa. Hakunigombeza. Alisema tu, alipoirudisha ikiwa inatoa maji safi, "Kalamu moja, wino mmoja. Chagua na utulie. Na kama unaniuliza mimi, wino mzuri ni ule unaobaki. Ofisini tulilowa mvua ya kuezua paa, yakabaki maandishi."

Basi nikabaki na vichupa viwili. Wa wanafunzi, unaotoka, ambao Bi Zuhura hauoni. Na wa maofisi, ambao nilikuwa nimekwisha kuununua pia, mweusi tii, anaouona, lakini kwenye maji ya limau na chumvi na jua la siku nzima unaacha kivuli. Nikichagua wa kwanza, kofia itakuwa safi ila haitashonwa. Nikichagua wa pili, itashonwa ila huenda isitakate, na kofia chafu kichwani mwa bwana harusi ni aibu itakayozungumzwa Pangani mpaka wajukuu. Nikatamani kumwambia Mwajuma. Tulikuwa tukichambua mchicha mimi na yeye, akaniuliza ghafla, "Sau, mama mzima?" "Mzima." "Mbona siku hizi akinimiminia chai anaweka kidole ndani ya kikombe?" Nikasema, "Anapima joto." Akatikisa kichwa, akaendelea na mchicha. Mimi nikawa najiuliza: huyu naye si ana haki? Mama ni wake. Lakini siri ni ya mama. Na maisha ni ya nani? Nikifikiri upande wa Bi Zuhura, Bi Zuhura ana haki. Nikifikiri upande wa Mwajuma, nikitazama tu namna anavyolipanga vizuri jani la mchicha, naye ana haki. Nilikuwa na moyo mwepesi wa kumwonea huruma kila mtu, na moyo wa namna hiyo hauchagui kitu.

Mwishowe nilichagua weusi unaoonekana. Sikuwa na hoja ya maana. Nilikumbuka tu uso wake alipoufuata ule mstari kwa kidole. Nilichora kwa mistari myembamba kadiri ncha ilivyokubali, pumzi nimeibana, yeye akinitajia kutoka kitandani: "Ua lenye petali tano, hapana, usilikaribishe na mwenzake, liache lipumue." Alinitajia nakshi ambayo haikuwa kwenye kitambaa chochote duniani ila ndani ya kichwa chake. Nilimwambia tukishona vizuri uzi utafunika wino wote. Akasema, "Mimi ndiye nitakayefunika. Wewe chora." Alishona miezi ile yote dirishani, mlango umefungwa, asubuhi jua likiwa upande wetu, kwa uzi wa rangi ya samli. Ramadhani ikaingia tukashona kwa kiu. Jua likihama alikuwa anaendelea kwa vidole, anahesabu vitobo kwa ukucha, na ninaposema nimeona kazi ya mkono maishani mwangu, nasema hiyo.

Ilipokwisha nikaifua. Niliifua kwa upole wote niliofundishwa na Mwajuma. Wino mwingi ulitoka, na ulipokuwa unatoka nilimwambia Bi Zuhura rangi zake, ingawa safari hii ilikuwa moja tu. Nikaianika, nikaitia limau, nikaianika tena. Uzi ulikuwa umefunika karibu kila mahali. Lakini pale sindano ilipokosea mstari kwa upana wa unywele, na chini ya uzi wenyewe, kilibaki kivuli, kama mtu alipita juu ya kofia na moshi. Bi Zuhura aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye dirisha, ukungu wake haukumwambia kitu. "Imetakata?" aliuliza. Nikasema, "Imetakata." Mlango ukafunguliwa, Mwajuma, mikono ina hina, anataka kuulizia mchele wa pilau. Akaona kofia. Akaichukua kwa viganja, kwa kuogopa hina yake, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo pale muda mrefu. Kisha akasema, "Nyeupe, mama. Nyeupe kama pamba." Nikamshukuru Mungu kwa haraka za mabibi harusi, hawatazami vitu vizuri.

Siku ya nikaha Hamza aliivaa, masikio yake yakaishikilia vizuri. Shangazi yake mmoja, mwanamke wa maneno, akaninong'oneza ukumbini, "Wewe, hii kofia mbona ina kivuli?" Nikamjibu, "Ndiyo mtindo wa mjini, shangazi, hamjaupata Pangani?" Baada ya hapo alikuja kijana mwingine wa Mwera kuniomba nimshonee kofia ya kivuli. Mwajuma alikwenda kwake. Miezi ikapita ndipo Bi Zuhura akamwambia habari ya macho, kama jambo lililoanza juzi, na Mwajuma akalia kwenye simu kama mtu aliyeambiwa la juzi. Alikuja, akataka kumchukua, mama akagoma kuhama nyumba yake, na mimi nikakaa naye miaka kadhaa mpaka na mimi nikapata wangu wa Muheza. Mtangazaji sikuwa. Hoteli ya Horohoro bado naifikiria.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimekaa kitandani na kichupa. Mwajuma alikuwa amemaliza khanga, ameanza shuka, anazikunja kona kwa kona. Nikasema, maana sikuweza kuendelea kunyamaza, "Mwajuma, kuna jambo la mwaka ule sikukwambia." "La macho?" akasema. Nikamtazama. Akaja akakaa pembeni yangu, akakichukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga. "Mama alichora kwa penseli maisha yake yote, Sau. Mstari mwembamba kama unywele. Mimi nimekua namwona. Nyinyi mkaanza kununua wino mweusi, mkaanika viraka uani, weusi huu, weusi ule. Nani anahangaika kutafuta weusi namna ile kama si mtu ambaye haoni? Na nilipoishika ile kofia mlangoni nikaona vitobo vimekwenda pembeni ya mstari. Mama yangu hakosei mstari." Nikamuuliza mbona alikwenda. Akawa anasugua kioo cha kichupa kwa ukucha, pale penye ganda la wino. "Mara ya kwanza nilikaa kwa ajili ya mguu, akanisema mpaka nikachukia kumpikia. Safari hii nikasema nimpe anachokitaka. Na wewe ulikuwepo. Usingekuwepo nisingekwenda." Nikasema, "Kwa hiyo tulimdanganya wote wawili." "Au yeye ndiye aliyetudanganya," akasema Mwajuma. "Nilimsikia nikiwa nje ya mlango akikuuliza imetakata. Kwani aliuliza kwa nini? Mtu anayefua kofia miaka yote hiyo hajui kwa harufu ya limau kwamba imefuliwa mara nyingi mno?" Nikamuuliza, "Alijua kwamba unajua?" "Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe," akasema, "ndiyo maana nimekuleta humu." Kumbe kila mmoja alikuwa anatafuta jibu kwa mwenzake.

Hamza akachungulia mlangoni kuuliza kama funguo za gari ziko humu. Ameongezeka mwili, masikio yamebaki yale yale. Kichwani alikuwa na kofia ile, ameivaa kwa ajili ya hitima, uzi wake wa samli umekuwa mwekundu kidogo kwa miaka, na chini ya uzi, kwa anayejua pa kutazama, lile ua lenye petali tano na nafasi yake ya kupumua, limechorwa kwa mkono wangu. Sote wawili tulikuwa tumeinua macho kwenye kichwa chake. Akaishika kofia kwa wasiwasi. "Mnaniangalia nini? Ina nini? Imechafuka?"

"Haina kitu," nikasema.

"Nyeupe," akasema Mwajuma. "Nyeupe kama pamba."